Kata uzi kwanza: mwongozo kwa mzazi mwenye mtoto aliyezidi uzito

Huku kwetu mtoto akinona watu hufurahi. "Mashallah, kanona!" atasema jirani, na mama atajiona kasifiwa mapishi yake. Furaha hiyo naielewa. Bibi zetu waliwaona watoto wakikauka kwa surua na kuharisha mpaka wakazikwa, kwa hiyo shavu lililojaa kwao lilikuwa habari njema. Hata leo Unguja na Pemba wapo watoto waliodumaa kwa kukosa lishe, na pengine mmoja wao analala chumba kimoja na ndugu yake aliyezidi uzito.

Mimi ni muuguzi. Nilipoanza kazi, presha ilikuwa maradhi ya wazee waliokuja na bakora. Sasa nampima mtoto anayetoka skuli na begi lake mgongoni, naiona namba, narudia kupima, na namba ni ile ile. Baba yangu mzazi alianguka kiharusi hajafika miaka 55, na alikuwa mnene tangu utotoni. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaandika kwa moyo wote, kwa mzazi ambaye tayari ana wasiwasi na kwa yule ambaye bado anaambiwa "mwache, atapungua akikua". Wengi hawapungui.

Hatua ya kwanza: kata uzi

Huhitaji mashine. Tafuta uzi usiovutika. Mtoto asimame bila viatu, mgongo na visigino vimegusa ukuta, kisha kata uzi ulio sawa na urefu wake, kutoka sakafuni mpaka utosini. Ukunje katikati. Uzi huo uliokunjwa uzungushe kiunoni mwake, juu ya ngozi, si juu ya nguo. Mahali pa kupima ni katikati ya ubavu wa chini kabisa na juu ya mfupa wa nyonga, ambapo mara nyingi ni juu kidogo ya pale anapofunga mkanda. Mwambie apumue kawaida, na upime anapotoa pumzi. Watoto hupenda kuvuta tumbo ndani wakiona wanapimwa, basi msubiri acheke kwanza.

Ncha za uzi zikipitana, vyema. Zikikutana tu au zikibaki mbalimbali, kiuno kimefika au kimezidi nusu ya urefu wake. Mtoto wa sentimita 130, kwa mfano, kiuno chake kisifike 65. Kipimo hiki kinafaa kuanzia miaka 5, na uzuri wake ni kwamba kinaonyesha mafuta ya tumboni, yale yanayojikusanya kuzunguka ini na matumbo, ambayo ndiyo yenye madhara kwa moyo.

Pimeni nyumba nzima, kila mtu na uzi wake, baba akiwemo. Mtoto asijione kawekwa peke yake mbele ya hukumu.

Kwa aliye chini ya miaka 5, nenda na kadi yake kliniki, apimwe uzito kwa urefu. Usiridhike kuambiwa kilo tu.

Hatua ya pili: uzito kwa urefu, kwa jedwali la watoto

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ile hesabu ya kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, wazazi wanaifanya kwenye simu, kisha wanalinganisha na 25, kikomo cha watu wazima. Chukua mvulana wa miaka 10, urefu sentimita 140, uzito kilo 44. Hesabu yake inatoka 22.4. Kwa mtu mzima hiyo ni afya njema, na mzazi ataifunga simu ametulia. Lakini kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, mvulana wa miaka 10 akivuka 18.5 amezidi uzito, na akivuka 21.4 ameingia kwenye unene uliopitiliza. Huyu amekwishavuka zote mbili.

Jedwali lina safu ya wasichana na safu ya wavulana, na hubadilika mwezi kwa mwezi kuanzia miaka 5 hadi 19. Mwombe muuguzi wa kituo chako akuonyeshe kwa kidole mtoto wako yupo mstari gani. Ni haki yako kuuona.

Kwa nini mishipa ya mtoto

Nisimame kidogo hapa, maana mzazi asiyeelewa sababu atachoka wiki ya pili.

Mafuta ya tumboni yana kazi yanayofanya usiku na mchana. Yanaufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, na kongosho hulazimika kuimwaga kwa wingi zaidi. Insulini ikizidi, figo hushikilia chumvi, na presha hupanda. Ini nalo likijaa mafuta huyarudisha kwenye damu, kolesteroli nzuri inashuka, ile ya kuziba mishipa inapata nafasi. Mishipa iliyokuwa laini kama mpira mpya huanza kukakamaa, na moyo unaosukuma damu kwa nguvu kila siku unanenepa kuta zake.

Haya hayasubiri utu uzima. Katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana huko Marekani, daktari Gerald Berenson na wenzake walianza kuwafuatilia watoto mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadhi ya watoto na vijana hao walifariki, wengi kwa ajali, na walipochunguzwa walikutwa na michirizi ya mafuta ndani ya mshipa mkuu na mishipa ya moyo. Yule aliyekuwa na mambo mengi pamoja, yaani uzito, presha na mafuta kwenye damu, ndiye aliyekuwa na michirizi iliyoenea zaidi.

Lakini upo utafiti mwingine ninaowasimulia wazazi wanapoanza kulia. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya watu 6,328 wa Marekani, Australia na Ufini, waliofuatiliwa tangu utotoni mpaka ukubwani. Waliokuwa wanene utotoni, lakini wakafika utu uzima bila unene uliopitiliza, hatari yao ya presha, kisukari na mishipa kuziba ilikuwa karibu sawa na ya wale ambao hawakuwahi kuzidi uzito. Njia ya kurudi ipo, na bado iko wazi.

Hatua ya tatu: presha, kwa mkanda unaomtosha

Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka 14, alipimwa kwenye kituo kimoja akakutwa na 142 kwa 90. Dada alinipigia simu akitetemeka. Nikamuuliza, mkanda waliomfunga mkononi ulikuwaje? Akasema ulikuwa unafunguka, ikabidi wamshikie. Kijana ana mkono mnene, naye kafungwa mkanda wa mtoto mdogo! Mkanda mdogo huipandisha namba kwa uongo. Tulimpima tena siku nyingine kwa mkanda wa kumtosha, amekaa na kutulia, ikatoka 126 kwa 76. Hiyo bado si nzuri, imeshaanza kupanda, lakini si presha ya kuanzishwa dawa.

Kwa hiyo mtoto akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelazwa usawa wa moyo. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke angalau sehemu nane kwa kumi ya mkono wake. Ukiona mkanda unafunguka au unapwaya, sema, kwa adabu: "Samahani dada, naona huu haumtoshi, hakuna mwingine?" Ikitoka juu, irudiwe siku nyingine, na nyingine tena, kabla hajaitwa mgonjwa wa presha.

Kuanzia miaka 13, 130 kwa 80 na kuendelea ni presha. 120 hadi 129, kama ya chini haijafika 80, ni onyo. Chini ya miaka 13 hakuna namba moja, inategemea umri, jinsia na urefu, na daktari ana jedwali lake. Kupima kunaweza kuanza akiwa na miaka 3, mara moja kwa mwaka, na kila anapohudhuria ikiwa ana unene uliopitiliza.

Hatua ya nne: damu, na dalili za kutazama

Kama yupo kwenye unene uliopitiliza, au amezidi uzito na kwenu kuna kisukari, presha, kiharusi au moyo, omba apimwe sukari na mafuta ya damu, asubuhi kabla hajatia kitu kinywani. Namba hizi ni za kipimo cha mmol/L: sukari ya kufunga ikiwa kati ya 5.6 na 6.9 yuko njiani kuelekea kisukari, 7.0 na zaidi ni kisukari, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Kolesteroli yote kwa jumla isifike 5.2. Kama kituo chako hakina vipimo, omba rufaa ya hospitali: Unguja ni Mnazi Mmoja, Pemba kuna Chake Chake, Wete na Abdulla Mzee kule Mkoani.

Nyumbani, tazama shingo yake kwa nyuma na makwapa. Weusi unaokuwa kama mahameli, usiotoka kwa kusugua, wazazi huudhani ni uchafu. Nimeona watoto wamesuguliwa kwa dodoki mpaka wakachubuka. Ule si uchafu hata kidogo, ni alama ya insulini iliyozidi. Usiku sikiliza kukoroma. Akikoroma, akanyamaza kama kakata pumzi, kisha akashtuka, mwambie daktari. Anayechechemea na kulalamika nyonga au goti, apelekwe siku hiyo hiyo. Na anayekunywa maji bila kutosheka, anakojoa mara kwa mara, huku anapungua ghafla, asifurahiwe kwamba kapungua: mkimbize hospitali.

Hatua ya tano: jikoni

Hapa ndipo kazi ilipo, na nasema wazi kwamba kumbadilishia sahani mtoto mmoja huku wengine wanakula kama kawaida hakutafika popote. Inabadilika sufuria ya nyumba nzima.

Anza na vinywaji. Katika yote nitakayosema hakuna jepesi linalolipa kama hili. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko 9 vya chai. Usimhubirie mtoto. Chukua gilasi ya maji, mpe kijiko, mwambie ajaze mwenyewe vijiko 9 huku anahesabu. Akifika cha sita ataanza kukutazama. Mwambie akoroge, kisha aonje. Mwanangu alionja, akaiweka gilasi mezani, akaniuliza, "Mama, ndiyo hii hii?" Sikuwa na haja ya kuongeza neno. Malai, juisi za pakiti na ubuyu wa sukari viingie kwenye hesabu hiyo hiyo. Juisi ya kukamua nyumbani nayo, hata bila kuongezwa sukari, gilasi moja hubeba machungwa matatu au manne ambayo kwa kuyatafuna asingeyamaliza. Ale chungwa lenyewe. Maji yawe kinywaji cha kila siku, na dafu likipatikana si baya, sukari yake kwa kawaida haifiki nusu ya soda.

Kisha tazama mfuko wa sukari. Andika juu yake tarehe uliyofungua. Familia ya watu 5 ikimaliza kilo kwa siku 5, kila mmoja anakula gramu 40 kwa siku, na hapo hatujahesabu soda wala kaimati. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula, na ingefaa zaidi ikiwa nusu ya hapo. Mtoto anayehitaji kalori 1,600, kikomo chake cha juu ni hizo gramu 40, na pazuri ni 20. Punguza nusu kijiko kila wiki, watu hawatagundua. Na sisi tumejaaliwa viungo: chai ya mdalasini, hiliki na tangawizi, au ya mchaichai, ina utamu wake hata sukari ikiwa kidogo.

Asubuhi, mandazi mawili na chapati kwa chai tamu ni unga, mafuta na sukari, na saa nne mtoto keshaona njaa. Muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu, au vipande viwili vya boflo na yai humfikisha mbali. Mandazi yabaki ya Ijumaa.

Wali wa nazi sikuombi uuache. Mimi mwenyewe siuachi. Lakini mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, kwa hiyo kasimile usiimimine yote kwenye chungu kimoja. Kama wali una nazi, mchuzi wa siku hiyo uwe wa tungule na ndimu, au samaki awe wa kuchoma. Samaki tunao, dagaa tunao, choroko na maharage tunayo, Mungu hakutunyima. Sahani ya mtoto ipakuliwe hivi: nusu mboga na kachumbari, robo wali au ugali, robo samaki au kunde. Mchicha wa kuungwa kwa kitunguu na tungule una ladha kamili bila kuelea kwenye mafuta. Chumvi itiwe jikoni, na chombo chake kisifike mezani. Ukitia kile kidonge cha mchuzi, chumvi isiingie tena, maana kidonge chenyewe ni chumvi.

Halafu pesa ya skuli. Huko ndiko kunakovuja. Mtoto aliyekula vizuri nyumbani anatoka na pesa, ananunua chipsi, soda na pakiti ya vitu vya chumvi, na akitoka chuoni, yaani madrasa, jioni anapitia urojo wenye bajia, kachori na viazi ndani yake, muhogo wa kukaanga juu. Punguza pesa, mpe kitu mkononi: ndizi, embe, njugu kiganja kimoja, chupa ya maji. Na zungumza na mama anayeuza getini. Wauzaji wetu si maadui, ni majirani zetu. Wazazi watano wakimwomba alete machungwa yaliyomenywa na mahindi ya kuchemsha, na wakahakikisha yananunuliwa, ataleta.

Ramadhani ina tabu yake. Mtoto asiyefunga hula mchana, kisha akaketi na wanaofuturu, akala tena tambi, kaimati, sambusa na uji mtamu. Apangiwe: akila mchana, futari yake iwe ndogo. Na vyakula vya kukaanga viwe aina moja kwa siku, si tatu.

Hatua ya sita: mwili uchezeshwe

Anahitaji dakika 60 kwa siku za kutokwa jasho, hata zikigawanywa. Mvulana mara nyingi hutosheka na mpira. Ninaowaonea huruma ni wasichana. Akifika miaka 11 au 12 anaambiwa akae ndani, amekuwa mkubwa, na hapo ndipo uzito unapopanda. Stara haizuii mwili kwenda. Nage na kamba zinachezwa uani na mtandio umefungwa vizuri. Kutembea alfajiri na mama yake, au kwenda chuoni kwa miguu badala ya bodaboda, kunahesabika.

Simu iwekwe pembeni usiku. Wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku, kijana muda wa saa 8 hadi 10, maana usingizi mchache huongeza njaa. Anayesoma zamu ya asubuhi alale mapema, hata kama tamthilia haijaisha.

Hatua ya saba: ulimi, na bibi

Usimwite mtoto kibonge, hata kwa mapenzi. Watoto wanaochekwa hula kwa kujificha, na huacha kucheza mbele za watu. Usimnyime chakula, wala usimpe chai wala vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitaani. Mtoto bado anarefuka. Wengi wao wanatosha kubaki na uzito ule ule huku urefu ukiongezeka. Wa kupungua kwa kilo apangiwe na daktari.

Bibi ndiye mtihani, kwa sababu chakula ndiyo lugha yake ya mapenzi. Usimkataze mbele ya wajukuu. Nenda peke yako, baada ya salamu: "Shikamoo bibi. Nimekuja kukuomba msaada wako. Mjukuu wako presha imeanza kupanda, kama aliyokuwa nayo marehemu baba. Nataka wewe ndiye uwe mlinzi wake." Mama yangu nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu. Kesho yake alimkatia mjukuu papai, akamwekea na uma, na kaimati akazifunika kawa.

Hatua ya nane: baada ya miezi mitatu

Rudi kituoni kwa presha, kwa mkanda ule ule mliopimia. Damu irudiwe kwa muda atakaosema daktari. Nyumbani, tundika ule uzi wa kwanza kwenye msumari wenye karatasi ya tarehe. Usiutumie tena kumpimia, kata mpya, kwa sababu urefu wake umeshabadilika. Muite mtoto asimame ukutani, safari hii aukate mwenyewe.